Kuonja Si Kula

2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mwenzangu wa dawati moja. Baba alianguka.

Hakuteleza. Alikuwa amesimama mbele ya karai, mwiko wa matundu mkononi, akashika kifua kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondokea ndani ya shati. Kisha akakaa chini polepole, kati ya gunia la viazi na mlango wa stoo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nafanya hesabu za shule. Nilipotoka aliniambia, "Profesa, zima jiko kwanza." Hapo nikajua si mchezo.

Tulikwenda zahanati. Muuguzi alimpima, majibu yakatoka, akasema mishipa yake inaanza kuziba. Damu ina mafuta mengi mabaya, yale ambayo kitabu changu cha biolojia kinayaita lehemu. Alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Akamwambia apunguze vya kukaangwa, hasa vya kukaangwa kwa mafuta ya mgando, yale yanayokuwa meupe juu ya sahani chakula kikipoa.

Sasa Shangazi, unajua nyumba yetu. Chumba cha mbele ni karai, cha nyuma ni sisi wawili, mimi na baba, katikati ni pazia tu. Sare yangu inanuka chipsi na madaftari yangu yananuka chipsi. Shuleni wananiita Karai. Njiani kurudi, baba alisimama ghafla, akanishika bega, akasema, "Nani atanunua chipsi kwa mtu aliyekatazwa chipsi? Niapie kwamba hutamwambia mtu." Nikaapa. Kwa hiyo barua hii ni kuvunja kiapo, na naiandika hivyo hivyo.

Mezani anajitahidi. Shida ni kule mbele. Kila karai likitoka, lazima achukue chipsi ya kwanza aionje. Asubuhi mpaka jioni, kila karai. Nikimwambia, anajibu, "Kuonja si kula, Profesa. Kula ni mtu kukaa chini."

Na mafuta yenyewe ni yale yale. Karai halijamwagwa tangu enzi za babu. Kila Jumamosi mafuta yakipungua, tunaongeza pakiti nyingine ya mgando juu ya yale ya zamani. Baba anasema ya chini ndiyo yenye akili. Kitabu kinasema mafuta yanayochemshwa tena na tena yanaharibika, na yakiharibika yanamharibu anayeyala.

Darasani simsikii mwalimu. Nasikiliza kama kuna mtu anakuja mbio kuniita. Simu ya nyumbani ni moja, iko mfukoni mwa baba, na huko kambini kwenu machimboni mtandao haushiki, ndiyo maana nimempa barua dereva wa lori la viazi anayepita huko. Usimwandikie baba. Niandikie mimi. Nifanye nini?

Mtoto wa kaka yako,
Profesa


9 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama kati ya mapipa ya kufulia, mpaka wasichana wangu wa zamu wakaniuliza nani kafa. Nikawaambia hajafa mtu, rudini kwenye mashuka.

Huyo baba yako, kumwapisha mtoto mambo mazito namna hiyo! Ningekuwa karibu ningemkamua kama shuka la hospitali. Lakini siko karibu. Niko hapa mpaka msimu wa machimbo uishe. Ukitoka getini kabla ya hapo, ukirudi unakuta mtu mwingine ameshika pasi yako.

Nikuambie na mimi la kwangu. Babu yako alifia pale pale, mbele ya karai lile. Sote tulisema ni joto. Mimi ndiye niliyekuwa mwonjaji wake, tangu sijui kusoma. "Njoo binti, niambie ulimi unasemaje." Siku nilipopanda lori kuja huku, watu walidhani nimefuata mshahara. Nilikuwa nakimbia ile chipsi ya kwanza.

Habari za mafuta mabaya na mazuri sizijui, mwanangu. Kwangu mafuta ni mafuta. Mpishi wa kambi akimaliza kukaangia ananiletea mabaki, nayachemsha na magadi, napata sabuni ya kufulia ovaroli za wachimbaji. Mwenye kitabu ni wewe. Kama kitabu kinasema mgando ni mbaya, huku kando ya machimbo wanalima alizeti, na mashine ya kukamua iko nyuma ya ua wangu. Nakutumia dumu, na nitaendelea kutuma. Dereva nimemwambia akimkuta baba yako aseme ni sabuni ya maji kutoka kwa dada.

Usibishane naye. Baba yako ukimwambia kulia, anaona kushoto ndiko kuzuri. Alikuwa hivyo tangu anatambaa. Mbadilishie kimya kimya, ulimi wake utazoea kabla kichwa hakijajua.

Na wewe ule. Najua watoto wa vitabu, wakiwa na mawazo wanasahau tumbo.

Shangazi yako wa sabuni


6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Madumu yamefika. Baba alilipokea la kwanza mwenyewe, akasema, "Dada ananikumbuka kwa kunifulia." Sikuweza kumtazama usoni.

Nilianza na meza, nikakosea. Nilifikiri kama mafuta mengi ni mabaya, basi bila mafuta kabisa ndiyo dawa. Nikamchemshia kila kitu: viazi vya kuchemsha, kabichi ya kuchemsha, maharage yasiyoungwa. Alivumilia siku kadhaa, kisha akaitazama sahani, akasema, "Profesa, mimi ni mgonjwa. Si sungura." Jioni hiyo hiyo nilimkuta kaunta, amesimama, anakula chipsi baridi zilizobaki, haraka haraka kama mtoto aliyeiba. Aliponiona alisema anaonja.

Tuliporudi zahanati kupima presha, nilimuuliza muuguzi wakati baba anafunga vifungo vya shati. Muuguzi akacheka. "Nani kakwambia umnyime mafuta yote? Mwili unayahitaji. Kuna vitamini bila mafuta zinapita tu. Wewe badilisha aina, halafu punguza wingi. Mgando uwe nadra. Ya maji, kama alizeti, kwa kijiko, si kwa kumimina. Mpe samaki, mpe karanga, mpe parachichi. Ashibe. Asiposhiba atakuibia." Niliona aibu, maana alikuwa ameshaniibia.

Sasa jioni napika samaki wa mchuzi kwa kijiko kimoja cha alizeti, mboga za majani, na nusu parachichi pembeni. Juzi alifuta sahani kwa mkate. Hakusifu, lakini alifuta.

Halafu karai. Nimefanya ulivyosema. Jumamosi baba akienda sokoni, nachota mafuta ya zamani, naweka kwenye dumu tupu, namimina alizeti. Wiki ya kwanza robo, ya pili nusu, na sasa ni alizeti tupu, na nayabadilisha yakianza kuwa meusi. Pakiti ya mgando niliyotakiwa kuongeza naitoa stoo ili hesabu ya baba isiharibike, naificha chini ya kitanda changu. Zimeshakuwa nyingi. Mchana joto likipanda zinalainika, na chumba kinanuka kuliko karai lenyewe. Nalala juu ya mafuta, Shangazi.

Kuna kitu hukukifikiria, na mimi pia sikukifikiria. Mgando ukipoa unakuwa mweupe na mgumu. Alizeti haigandi. Baba akiliona karai limepoa hata mara moja, atajua. Kwa hiyo kila asubuhi lazima niamke kabla yake niwashe jiko, ili akitoka nyuma ya pazia akute mafuta yameshachemka. Siwezi kuugua. Siwezi kulala zaidi. Mwalimu alinichagua kwenda mashindano ya insha, mji mwingine, kulala huko usiku mmoja. Nimemwambia sitaki. Aliniuliza kwa nini, nikatazama viatu vyangu.

Wateja wanakula. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Jaji kwa sababu kila kitu anakitolea hukumu, alisema, "Siku hizi chipsi zenu nyepesi, hazikai tumboni." Kisha akaagiza nyingine. Baba alicheka, lakini baadaye nilimwona ameshika chipsi moja anaitazama muda mrefu.

Nilidhani nitafurahi. Sijui kwa nini sifurahi.

Profesa


20 Aprili

Dada,

Nakusalimu. Unajua mimi si mtu wa kuandika. Naandika kwa sababu huku hakuna wa kumwambia, na Profesa nimeshamtwisha mzigo wa kutosha. Nakuomba kwa jina la wazazi wetu, usimwambie mtoto haya.

Moyo ulinishika mwezi wa pili. Nimepewa vidonge. Hilo sikuja kulilia. Ninalolia ni ulimi. Dada, ulimi wangu umekufa.

Ilianza kidogo kidogo. Chipsi ya kwanza nikiiweka mdomoni, ladha ile ya baba haipo. Karai ni lile lile, viazi ni vya dereva yule yule, mafuta ni yale yale na mtoto anaongeza kila Jumamosi. Kwa hiyo kilichobadilika ni mimi. Zamani nilionja moja kila karai. Sasa naonja tatu, nne, mpaka tano, naitafuta. Siipati. Namuuliza Jaji, "Vipi leo?" najifanya natania, kumbe naazima ulimi wake.

Na pua nayo. Ile sabuni yako ya maji nilijaribu kuoshea sufuria. Haikutoa povu hata chembe, na sikusikia harufu ya sabuni kabisa. Nikanusa tena na tena. Nimeichanganya na maji ya moto, ikaelea tu. Nikajua basi, na pua imekwenda.

Nimefikiri sana. Kitu kipya kilichoingia mwilini mwangu ni vile vidonge. Nimeviacha. Asubuhi naweka kopo mezani mtoto alione, nafungua, nafunga, simezi. Tangu niviache kifua kinabana zaidi nikipanda ngazi, lakini labda ulimi utarudi. Mpika chipsi asiye na ulimi ni nani? Baba angenitoa dukani.

Mtoto ananipikia vizuri. Samaki wake nasikia ladha yake vizuri kabisa, sijui ni kwa nini. Labda ulimi unakufa upande mmoja.

Mdogo wako


27 Aprili

Profesa mwanangu,

Nimepata barua ya mtu mwingine kwa mkono wa dereva yule yule. Nimeapishwa kwa jina la wazazi wangu nisikuambie yaliyomo. Wewe ulinikataza nisimwandikie. Nimebanwa pande zote, nazunguka humu kati ya kamba za nguo kama kuku aliyefungwa mguu, na geti hawanifungulii.

Basi sikuambii alichoandika. Nakuambia nilichokosea mimi. Nilikwambia umbadilishie kimya kimya. Yalikuwa maneno ya mtu aliyezoea kukimbia. Nilikupa ushauri wa lori.

Barua hii ikikufikia, kabla hujavua viatu, fungua kopo la dawa za baba yako uangalie ndani. Halafu mwambie yote. Yote, na sabuni pia. Usingoje Jumamosi.

Akikasirika, sema ni mimi. Nitalibeba.

Shangazi yako


4 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, begi mgongoni. Baba alikuwa anamhudumia mteja. Nilifungua kopo. Vidonge vya siku nyingi vilikuwa bado vimo.

Sikuweza kusema jioni hiyo. Mara mbili nilisogeza pazia, mara mbili nikamkuta anatafuna chipsi huku amefumba macho, nikalirudisha. Wewe unanijua, hata kumwomba kondakta chenji yangu nashindwa. Nikaamua kufanya kitu ambacho hakihitaji mdomo.

Asubuhi sikuwasha jiko. Nilikaa juu ya gunia la viazi, sare mwilini, nikasubiri.

Baba alitoka nyuma ya pazia anapiga miayo. "Profesa, vipi, gesi imeisha?" Akasogea kwenye karai, akainama. Mafuta yalikuwa yamepoa, maangavu, na ungeweza kuona mpaka chini. Nadhani hajawahi kuona chini ya karai lile maishani mwake. Alitumbukiza kidole. Akakitazama kidole.

"Hiki nini?"

"Alizeti," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo mno, ikabidi niirudie.

Nikaenda chumbani, nikavuta pakiti kutoka chini ya kitanda, nikazibeba kwa mikono miwili mara kadhaa, nikazipanga juu ya kaunta mbele yake. Alifungua moja, akakwangua kwa ukucha, akaweka ulimini, akafumba macho.

"Ndiyo hii," akasema.

Kisha akakaa chini, pale pale kati ya gunia na mlango wa stoo, nami nikapiga kelele kwa sababu nilidhani ni moyo. Lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Ulimi wangu mzima! Mzima kabisa! Na pua! Ile sabuni..."

"Haikuwa sabuni."

"Ndiyo maana haikutoa povu! Dada yangu! Mwongo wa kimataifa!"

Nilianza kucheka na mimi. Hapo ndipo yeye akaacha. Alinitazama, Shangazi, kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Wiki zote hizi," akasema, "nimekuwa najizika taratibu. Muuguzi alininyang'anya chipsi, nikakubali. Wewe ukaninyang'anya mdomo wangu. Nilikuwa siuamini mdomo wangu mwenyewe."

Nikamwambia nilitaka apone.

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," akasema. "Lakini ningekataa nikiwa najua."

Nilichukua kopo la dawa, nikalitikisa, likalia. Tukabaki hivyo, mimi na pakiti zangu, yeye na vidonge vyake, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mwishowe alinyoosha mkono. Nikamletea maji, akameza kimoja.

Jaji akagonga dirisha. "Leo kuna msiba humo au kuna chipsi?"

Baba aliinuka, akaniangalia, akawasha jiko. Hakumwaga alizeti. Nilikuwa naangalia kama ataimwaga. Viazi vikaingia, vikalia, vikatoka. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chipsi ya kwanza, kama unavyoujua. Nami sijui nguvu ilitoka wapi, mkono wangu ukatangulia. Nikaichukua. Ilikuwa ya moto, iliniunguza. Nikaitafuna mbele yao wote wawili.

"Chumvi bado," nikasema.

"Eh!" Jaji akasema. "Siku hizi hukumu anatoa mtoto?"

Baba alikuwa ameshika kopo la chumvi. Nilijua anafikiria kile kiapo. Kisha akasema, akilitazama karai, "Mimi nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Na moyo."

Jaji alitafuna, akameza. "Basi tia chumvi, mtoto kasema." Akaongeza, "Na shemeji yako wa duka la redio naye kakatazwa, siku hizi anatafuna karanga kutwa nzima kama kindi." Akalipa, akarudi kwenye baiskeli zake. Ni hivyo tu. Kile kitu tulichokuwa tunakiogopa kilipita kama mteja wa kawaida.

Lakini duka lazima liwe na ulimi, na baba amesema ulimi huo ni mimi. Asubuhi naonja kabla ya shule, jioni nikirudi naonja tena. Nusu chipsi, si nzima, na nikiwa shuleni chipsi ya kwanza anapewa mteja wa kwanza. Ndivyo tulivyokubaliana. Baba anakula mezani, amekaa chini. Kopo la dawa nahesabu mimi, naye anaona nikihesabu. Bado hajaniita Profesa tangu siku ile. Ananiita "wewe".

Sasa najua ulikuwa unakimbia nini. Si ladha. Ni vile mtu anavyosimama na mwiko akisubiri useme.

Zile pakiti zote nimezitia kwenye gunia, pamoja na dumu la mafuta ya zamani ya babu, nimempa dereva. Chemsha sabuni. Baba mwenyewe ndiye aliyefunga gunia, na amesema safari hii anataka yenye povu.

Baada ya lori kuondoka nilikwenda kwa mwalimu, nikamwambia kwamba sasa naweza kusafiri kwenda mashindano ya insha. Alisema alishampa nafasi mwanafunzi mwingine. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani, nikavua sare, nikamenya viazi.

Mtoto wa kaka yako